Tyubu huchokea shingoni

Mpwa wangu yuko kidato cha nne na mtihani wa fizikia wamkaribia. Juzi usiku alinitumia swali kwenye simu: "Mjomba, kwa nini kathodi lazima ishike moto? Kitabu chasema yapashwa moto, elektroni zatoka, kisha chaenda mada nyingine." Nilimjibu kwa mistari miwili kwa kuwa nilikuwa na kazi mezani, lakini swali lenyewe lilinikaa moyoni. Kazi yangu ya ufundi hapa Mwembe Tayari, Mombasa, tangu nilipokuwa nikimshikia ami yangu bisibisi, imezunguka kitu hicho hicho: kathodi, kipande kidogo cha metali chenye moto kinachotoa elektroni ndani ya shingo ya tyubu, ile chupa kubwa ya kioo inayoonyesha picha. Hili hapa jibu refu, lake yeye na la yeyote aliyewahi kukaa mbele ya TV ya chogo.

Nianze na neno nililolisikia kwa wateja miaka nenda miaka rudi. TV ikifanya kiza na rangi zikafifia, mtu atakuambia "kioo kimekwisha". Si kweli, au ni kweli kwa sehemu ndogo mno. Ule unga wa rangi uliopakwa kwa ndani ya kioo huzeeka, ila huzeeka taratibu. Kinachotangulia kuchoka ni kathodi, na kathodi haiko kiooni. Iko nyuma kabisa, kwenye ile shingo nyembamba inayovalishwa bodi ndogo ya soketi.

Ukiifungua TV ya rangi usiku, taa za duka zikiwa zimezimwa, utaona shingoni mwanga wa rangi ya chungwa, vidoa vitatu vimejipanga. Kila kidoa ni hita ya waya wa tangsteni uliosokotwa na kupakwa kitu cheupe kinachozuia umeme, nayo imetumbukizwa ndani ya kijibomba cha nikeli ambacho upana wake ni milimita chache tu. Hita hiyo hupewa volti 6.3. Kijibomba kimezibwa upande wa mbele, na juu ya kizibo pamepakwa tabaka jeupe la oksidi za bariamu na strontiamu. Picha yote hutoka hapo. Taarifa ya habari, mpira, kanda ya harusi ya dada yako, vyote vimepitia kwenye tabaka ambalo ukucha wa kidole kidogo unalifunika na kubaki.

Sasa kwa nini moto? Ndani ya metali kuna elektroni nyingi zinazotembea bila kufungwa na atomu moja. Zinatembea ndani, lakini hazitoki. Elektroni ikijaribu kuruka nje, metali inayoachwa nyuma hubaki na chaji chanya, nayo huivuta irudi. Ni kama kuna ada ya kulipwa mlangoni, na kila kitu kina ada yake. Ya tangsteni ni takriban elektronivolti 4.5 (kipimo cha nishati ndogo kama ya elektroni moja). Ya lile tabaka jeupe ni ndogo zaidi, kati ya 1 na 2. Elektroni ndani ya kathodi haina pa kupata malipo hayo ila kwenye joto, na hapa pana jambo ambalo natamani vitabu vya shule vingeliandika kwa herufi kubwa: hata kathodi ikiwa inawaka, kwenye nyuzi 800 hivi za selsiasi, nishati ambayo joto hilo huigawia kila elektroni kwa wastani ni kama elektronivolti 0.14. Ni kama sehemu moja ya kumi ya ada. Kwa hivyo zinazotoka si elektroni za kawaida. Ni zile chache ambazo, katika kugongana na kupokezana nishati, zimeangukiwa na mgao mkubwa kupita wenzao.

Idadi ya hizo chache ndiyo siri ya mambo yote. Owen Richardson, Mwingereza aliyekuwa Cambridge, alionyesha mwaka 1901 jinsi inavyotegemea joto, na kazi hiyo ikampa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1928. Ukiifanya hesabu yake kwa waya wa tangsteni, kwenye kelvini 2,000 kila sentimita ya mraba hutoa kama miliampea 1. Ipandishe hadi kelvini 2,500 na itatoa karibu miliampea 300. Joto limeongezeka robo, elektroni zimeongezeka takriban mara 300! Hakuna ulinganifu hapo wa kuongeza kidogo ukapata kidogo. Ada ikishuka kidogo tu, au joto likipanda kidogo tu, mlango unafunguka kwa nguvu, na kinyume chake ni vivyo hivyo.

Ndiyo maana maelezo ya mama mmoja wa Kibokoni yalinitosha kabla sijagusa hata skrubu moja. Alikuja na TV yake kwenye mkokoteni, akaniambia: "Mwanangu, asubuhi yaanza kiza kabisa. Nikishamaliza kukaanga mahamri ndipo nyuso zaonekana." Kathodi ambayo haijachoka huwa tayari baada ya nusu dakika hivi. Inayotaka muda wa kukaanga mahamri ni kathodi ambayo tabaka lake limepungua bariamu pale juu, ada yake imepanda, kwa hivyo yangoja kila chembe ya joto inayoweza kuipata ndipo itoe elektroni za kutosha. Katika TV yake nyekundu ndiyo iliyokuwa nyuma, na watangazaji wa habari walikuwa na nyuso za kijani kibichi. Mara nyingi nimeona nyekundu ikitangulia kuchoka. Unga mwekundu huhitaji elektroni nyingi zaidi ili ung'ae sawa na wenzake, basi kathodi yake hufanya kazi ngumu maisha yake yote.

Dawa ya mafundi ilikuwa waya. Hita katika TV nyingi hula umeme kutoka fleibaki, ile transfoma ya volti kubwa. Unachukua waya wenye ganda zuri, unauzungusha mzunguko mmoja au miwili kwenye chuma cheusi cha fleibaki, unauunga mfululizo na njia ya hita, na volti zinapanda kidogo juu ya 6.3. Ukiuweka kwa upande usiofaa volti zitashuka, na picha itakuambia mara moja. Nilimfanyia yule mama hivyo, nyuso zikarudi rangi yake. Nilimwambia pia ukweli, kwamba moto huo wa ziada unakausha bariamu haraka zaidi, na kwamba tumeinunulia TV muda, hatukuirudishia ujana. Alikubali.

Iliyoniudhi siku zote ni ile njia nyingine, ya kukimbilia kitufe cha "skrini" kwenye fleibaki na kukizungusha mpaka picha ing'ae. Huko ni kuongeza mvuto wa kuzitoa elektroni kwenye shingo, ilhali kathodi haina za kutoa. Picha inakuwa nyeupe-nyeupe, mistari myembamba ya kurudi (njia ya elektroni zikirudi kuanza picha upya) inaonekana juu ya sura ya mtu, na mteja analipa akidhani ametengenezewa. Fizikia ya kathodi ingemlinda mteja kama angeijua.

Historia ya mambo haya inanivutia kwa sababu moto wa kathodi na miali, yaani ule mkondo wa elektroni unaoruka ndani ya tyubu, vilianza mbali mbali, kila kimoja na watu wake. Thomas Edison alikuwa akihangaika na balbu zake zilizokuwa zikifanya weusi ndani ya kioo. Akaingiza kipande cha metali ndani ya balbu, kisigusane na waya unaowaka, na mwaka 1883 akaomba hataza baada ya kuona kwamba umeme unapita kwenye ombwe, yaani mahali pasipo hewa, kutoka waya wa moto hadi kipande hicho kikiwa kimeunganishwa upande chanya. Kikiunganishwa upande hasi, hakuna kitu. Hakulifuatilia sana. John Ambrose Fleming, ambaye aliwahi kuwa mshauri wa kampuni ya Edison kule London, ndiye aliyelirudia mwaka 1904 na kutengeneza valvu ya kwanza ya kupitisha umeme njia moja tu, akaitumia kunasa mawimbi ya redio.

Upande wa miali, Wajerumani na Waingereza walikuwa wameshaanza zamani. Julius Plücker, mjini Bonn mwishoni mwa miaka ya 1850, aliona mng'ao wa kijani kwenye kioo cha tyubu yenye hewa kidogo ukihama akileta sumaku. Eugen Goldstein akaipa jina la miali ya kathodi mwaka 1876. William Crookes akaweka msalaba wa metali katikati ya tyubu, na kivuli chake kikatokea mwisho wa kioo kikiwa na kingo kali, ishara kwamba miali husafiri moja kwa moja.

Hapa namwomba mpwa wangu asimame. Tyubu ya Crookes haikuwa na hita. Kathodi yake ilikuwa baridi. Elektroni zilitolewa na volti kubwa: hewa kidogo iliyobaki huvunjika kuwa ayoni, yaani chembe zenye chaji, ayoni chanya hukimbilia kathodi na kuipiga, na pigo hilo hung'oa elektroni. Ndiyo maana tyubu hiyo huhitaji hewa kidogo ibaki ndani. Ya TV ni kinyume: hewa ni adui, kwa kuwa elektroni zatolewa na joto. Vitabu vya shule huziweka zote mbili chini ya kichwa kimoja na michoro yake ikafanana, mwanafunzi akachora hita kwenye tyubu ya Crookes bila kujua amechanganya mambo mawili.

Aliyeunganisha pande hizi ni J. J. Thomson wa maabara ya Cavendish, Cambridge. Kabla yake Heinrich Hertz alipitisha miali kati ya bamba mbili zenye umeme mwaka 1883 na haikupinda, akaamini kwamba haina chaji. Thomson alitambua kwamba ni ile hewa iliyobaki: inageuka ayoni, inafunika bamba, na miali haihisi kitu. Alipoivuta hewa nje zaidi, miali ikapinda. Kisha akaipinda kwa sumaku kwa upande wa pili mpaka nguvu mbili zikalingana, akapata kasi yake, na kutoka hapo uwiano wa chaji na tungamo. Uwiano huo ulizidi ule wa ayoni ya haidrojeni zaidi ya mara 1,000. Alibadilisha gesi, akabadilisha metali ya kathodi, jibu likabaki lile lile. Hiyo ni 1897. Mwaka 1899 akapima chembe zinazotoka kwenye waya wa moto, zikawa ni hizo hizo. Kathodi baridi au yenye moto, kinachotoka ni elektroni.

Taabu ya Hertz naijua kwa macho. Tyubu ikigongwa shingo wakati wa kufungua TV, ufa mdogo tu, hewa inaingia kwa mlio mwembamba. Tazama basi ule mpako unaong'aa ndani ya kioo karibu na shingo, ambao ni bariamu iliyowekwa kiwandani ili inyonye mabaki ya gesi. Unageuka mweupe kama maziwa mbele ya macho yako, na tyubu hiyo haina tena dawa.

Sifa ya miali ambayo watoto wote wa Mombasa wa rika langu waliigundua wenyewe ni ya sumaku. Mtoto angeng'oa sumaku kwenye spika iliyokufa, aisogeze kwenye kioo cha TV ya rangi, na sebule nzima ingejua. Doa la zambarau na kijani linabaki hata sumaku ikiondolewa. Wazazi walidhani kioo kimeungua. Kilichotokea ni kwamba nyuma ya kioo cha rangi kuna bati jembamba la chuma lenye matundu mengi sana, na bati hilo limekamata usumaku, kwa hivyo elektroni za kila rangi zaangukia unga usio wake. Tulikuwa tukilitoa kwa koili kubwa ya duara inayopitishwa mbele ya kioo kwa mduara, kisha kuisogeza mbali polepole ndipo uizime. TV yenyewe ina koili kama hiyo, na ule mvumo mfupi uliousikia kila ukiiwasha ulikuwa ndio wake.

Jaribio hilo usilifanye kwenye ya rangi. Lifanye kwenye ile ndogo nyeusi-na-nyeupe ya inchi 14 iliyokuwa ikitumia betri ya gari vijijini kusikofika stima. Haina bati la matundu, hivyo picha inapinda na kurudi. Ninayo moja dukani, bado yafanya kazi. Leta sumaku kutoka juu taratibu, ncha yake ikielekea chini. Utadhani picha itavutwa juu kuelekea sumaku. La. Inakwenda kando, kushoto au kulia. Geuza ncha ya sumaku, inakwenda upande wa pili. Sumaku haiivuti elektroni kuelekea kwake. Huisukuma kwa pembe mraba na njia inayopita na pia na uga wa sumaku. Sheria ile ya vidole vya mkono ambayo wanafunzi huikariri wakisokota viganja mtihanini, pale kiooni waiona ikifanyika.

TV yenyewe huishi kwa sheria hiyo. Zile koili za shaba zilizovalishwa shingoni huipeleka miali kushoto na kulia mara 15,625 kwa sekunde, na juu na chini mara 50, ndipo upate mistari 625 ya picha kwa mfumo wa PAL tuliokuwa tukiutumia Kenya. Mteja akisema "TV yangu imekuwa mstari mmoja", tayari amekueleza kwamba koili ya kulala yafanya kazi na ile ya kusimama haipati umeme. Ushauri wangu ulikuwa punguza mwanga hapo hapo, kwa sababu nguvu yote ya miali imelundikana kwenye mstari huo na itauchoma unga.

Hata dunia hupinda miali. TV kuukuu zilizoletwa kwa kontena kutoka Uingereza zilifika na madoa ya rangi kwenye pembe, na watu wakalaumu safari. Kule uga wa sumaku wa dunia huingia ardhini kwa mwinamo mkali. Hapa kwetu umelala zaidi, na huelekea juu kidogo badala ya chini. Elektroni zilizopangiwa Ulaya zilikuwa zikianguka kando ya mahali pake Mombasa, na kazi yetu ilikuwa kuusafisha usumaku wa zamani na kurekebisha pete za shingoni.

Kuhusu kasi: kwenye TV ya rangi ya inchi 21, volti zinazozivuta elektroni hadi kiooni ni kama 25,000. Zafika na kasi ya kilomita 90,000 hivi kwa sekunde, karibu sehemu tatu kati ya kumi za kasi ya mwanga. Zikisimama ghafla kiooni sehemu ya nishati hugeuka eksirei, ile ile aliyoigundua Wilhelm Röntgen Novemba 1895 akifanya kazi na miali ya kathodi. Ndiyo sababu kioo cha tyubu ni kinene na kimetiwa madini mazito, risasi ikiwamo. Volti hizo na hewa yetu ya chumvi hazipatani. Msimu wa kusi, unyevu ukiingia na vumbi likishakaa, utasikia tss-tss kuzunguka ile kofia ya raba inayofunika mahali volti hizo zinapoingia kwenye tyubu, na harufu kali kama ya radi. Dawa yake ni kusafisha kioo kikauke na kupaka grisi ya silikoni. Lakini kabla ya kugusa chochote hapo, tyubu yenyewe huhifadhi chaji hata ikiwa imechomolewa, na lazima imwagwe kwa bisibisi iliyounganishwa na ule waya wa kusuka wa nje ya tyubu. Asiyefundishwa asiifungue.

Ving'amuzi vilipokuja na mitambo ya analogi kuzimwa mwaka 2015, wengi walinunua TV bapa, na meza yangu ikabadilika. Kathodi yenye moto haikuondoka. Mashine ya eksirei hospitalini bado hutoa elektroni kwa filamenti ya tangsteni, tangu William Coolidge alipoitengeneza hivyo mwaka 1913. Rada nyingi za meli zinazotia nanga Kilindini zina magnetroni, tyubu yenye kathodi ya moto inayotoa mawimbi, na baharia akiiwasha hungoja dakika mbili au tatu hita ishike ndipo imruhusu kurusha mawimbi. Na maikrowevu ninayoitengeneza karibu kila wiki ina magnetroni ndogo ambayo kathodi yake ni tangsteni iliyotiwa thoriamu. Thoriamu imeshusha ada kutoka 4.5 hadi kama 2.6. Hupewa volti 3 hivi na ampea karibu 10, na sekunde mbili tatu za mwanzo chakula hakipati kitu kwa sababu kathodi haijapata moto. Ikiletwa haipashi, hatua yangu ya kwanza baada ya kumwaga kapasita kubwa, ambayo huua, ni kuweka mita kwenye pini mbili za magnetroni. Ikisoma karibu na sifuri, hita haijakatika. Ikikataa kusoma, waya umekatika, na hapo namwambia mwenyewe bei ya magnetroni mpya.